Nani kakupokea?

Niliamka kabla ya alamu, na wala sio kwa hamu ya kufika, ni kukoroma kwa mzee mmoja aliyelala dabodeka ya juu yangu, maana siku tatu mfululizo tunaangukia hosteli moja kama tumepangiwa na mtu. Vizibo vyangu vya masikio vilipotelea León huko. Basi nikabaki nimelala gizani nahesabu: O Pedrouzo, siku ya 33, zimebaki kilomita 20. Ukishatembea zaidi ya 750 tangu Saint-Jean-Pied-de-Port, kule Ufaransa mpakani, hizo 20 unaziona kama kwenda sokoni na kurudi, ila mi nilikuwa naziogopa, sijui niseme vipi, nilikuwa naziogopa kuliko nilivyoogopa ile milima ya siku ya kwanza.

Kwa msiojua, hii njia inaitwa Camino de Santiago, njia ya Santiago, na mimi nilifuata ile ya Wafaransa ambayo ndo maarufu zaidi. Inaanzia kwenye milima ya Pirenei, inakatiza kaskazini yote ya Hispania, Pamplona, Logroño, Burgos, León, mpaka kwenye kanisa kuu la Santiago de Compostela ambako Wakristo tangu karne ya 9 wanaamini amezikwa Yakobo mwana wa Zebedayo. Santiago maana yake ndo huyohuyo, Mtakatifu Yakobo. Watu wanakuja kutoka kila kona, mwaka 2024 peke yake waliojiandikisha kufika walikuwa karibu laki 5. Na mimi ni Muislamu wa Muheza. Najua. Mama aliposikia alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani bando limeisha, halafu akaniuliza taratibu, "Yaani Makka hujafika, unaenda kuhiji kwa watu?" Nikamwambia mama siendi kuhiji, naenda kutembea. Akasema kutembea mbona hata Hamburg barabara zipo.

Hana kosa. Ni miaka 11 niko Hamburg, kazi yangu ni uuguzi wa zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na mwaka huu nilikuwa nimelimbikiza likizo ya wiki 5, kichwa kimejaa, nikasema naenda mahali ambapo kazi yangu itakuwa moja tu, kufuata mshale wa njano. Hiyo mishale tuliletewa na padre mmoja wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, miaka ya 1980 njia ikiwa imeshasahaulika karibu yote, akachukua rangi ya njano akaanza kuchora kwenye mawe, miti na kuta za watu. Mpaka leo ndo hiyohiyo. Huhitaji ramani wala mtu wa kumuuliza. Kwa mtu ambaye usiku kucha anaitwa kwa kengele, kufuata mshale ni raha ambayo siwezi kuielezea.

Haya, turudi O Pedrouzo. Nikafunga begi kwa tochi ya kichwani, kimyakimya, kwa mpangilio uleule ambao mikono imeshaukariri. Mfuko wa kulalia chini, nguo katikati, koti la mvua juu kabisa maana Galicia hawakuachi. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vina plasta. Malengelenge yalishakauka zamani ila hicho kidole kidogo kilipoteza kucha huko Logroño na sitegemei kukiona kama kilivyokuwa. Halafu kanga. Ningeombwa ushauri wa kitu kimoja cha kubeba ningesema kanga, niliifanya taulo, mto, pazia la kitanda, kamba ya kuanikia, mswala. Alinipa mama tangu mwaka juzi, imeandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", sijui alikuwa ananipiga kijembe cha nani.

Begi zima kilo 7. Hili begi ndo limekuwa ugomvi wangu na watu njia nzima, manake siku hizi kuna magari ya kubeba mizigo, asubuhi unaandika jina kwenye bahasha, unaweka na euro zako, unafunga kwenye begi, unaliacha mapokezi, ukifika hosteli ya mbele unalikuta linakusubiri. Tangu Sarria, ambako ndo wanaanzia wale wanaotaka zile kilomita 100 za mwisho tu ili wapate cheti, njia ilijaa watu wenye vimikoba vya mgongoni vya chupa ya maji na ndizi. Siwasemi vibaya. (Nawasema kidogo.) Mi nilishikilia langu, hata Burgos goti lilipovimba. Bibi yangu alikuwa wa Pangani, alikuwa akisimulia habari za wapagazi waliokuwa wakiteremka na pembe kutoka bara, na hesabu ya mizigo ilikuwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Mimi nusu frasila sijafika, halafu nimwachie dereva?

Nikatoka saa kumi na mbili na nusu. Giza totoro. Mwanzoni mwa Oktoba jua huku linachomoza baada ya saa mbili, na ukishatoka mjini unaingia moja kwa moja kwenye msitu wa mikaratusi. Hapo sasa. Hakuna aliyenitayarisha kwa mikaratusi. Nilijua Galicia kuna mvua na kuna pweza wa kuchemsha, sikujua kuna mikaratusi mirefu kiasi kile, na usiku imelowa ule umande wake ikatoa harufu, yaani nilikuwa Lushoto. Nilisoma sekondari kule, asubuhi kama ile, baridi kama ile, majani yanalia chini ya viatu, tunaenda kuokota kuni za jikoni. Nimetembea siku 32 Hispania natafuta sijui kitu gani, nakuja kukipata siku ya mwisho nacho ni harufu ya Vicks.

Nikasimama mule msituni nikaswali alfajiri, kanga juu ya majani. Na hapa nielezee jambo ambalo halijanitoka. Hii njia inaelekea magharibi. Siku zote 33, asubuhi jua liko mgongoni, kivuli chako kinakutangulia, jioni unafika jua liko usoni. Kibla iko mashariki, inashuka kusini kidogo. Kwahiyo kila nikitaka kuswali, iwe uwanda wa Meseta ambako huoni hata mti, iwe nyuma ya ghala la mtu, ilibidi nigeuke niangalie nilikotoka. Wenzangu wote wanaangalia mbele tu, wanahesabu vijiwe vya kilomita, mimi kila siku nageuzwa. Sikupanga iwe hivyo, jiografia tu. Ila ikawa kila nikigeuka naiona njia ya nyuma, na wanaokuja nyuma yangu wananiona uso. Kuna Mkorea mmoja mama wa makamo nilikuwa namkuta hivyo karibu kila asubuhi, mi nimekaa namalizia, yeye anapita, ananiinamia kidogo, naye namwinamia, hatujawahi kuongea hata neno manake hakuna lugha. Siku hiyo hakupita. Nikakunja kanga nikaendelea.

Kabla ya Lavacolla njia inazunguka kiwanja cha ndege cha Santiago. Sio mbali na kiwanja, namaanisha unatembea pembeni ya uzio kabisa, taa za kuongozea ndege ziko pale juu yako, na kwenye ule uzio watu wamechomeka misalaba ya vijiti, mingi, mingine mipya mingine imeoza. Ndege ikaondoka wakati napita. Sauti ile baada ya mwezi wa kusikia nyayo! Nikainama kabisa kama vita. Halafu nikacheka peke yangu maana nilikumbuka tiketi yangu ni ya kesho yake, kutoka hapohapo. Yaani nimetembea mwezi mzima nakuja kuipita stendi yangu ya kurudia nyumbani saa mbili na nusu asubuhi, na bado sijafika.

Lavacolla penyewe ni kijito. Zamani mahujaji walikuwa wanaoga pale wasiingie mjini na uchafu wa miezi, na hilo jina wenyewe wanalitania kwamba linataja kiungo ambacho sitakiandika hapa. Maji yalikuwa madogo tu, ningechukulia udhu ingetosha. Nikala kifungua kinywa mgahawa wa mbele, tortilla ya viazi na kahawa ya maziwa. Hiyo tortilla msidanganywe na jina, ni zege. Chipsi mayai, ila viazi wamevikata vyembamba na wameipika nene kama keki. Nguruwe yuko kila mahali Hispania, mpaka kwenye mboga ya majani unamkuta kajificha, kwahiyo siku 33 nimekula zege asubuhi, na siku mbaya zege jioni. Mwenye mgahawa akanigongea muhuri kwenye kijitabu, kuanzia Sarria lazima upate miwili kwa siku, ndo ushahidi kwamba hukupanda basi. Akaniuliza, umeanzia wapi? Nikamwambia. Akatikisa mkono ule wa kusema duh.

Ngoja niseme na vile vighala vyao vya mahindi. Kila nyumba ya shamba Galicia ina kighala cha mawe au mbao kimesimamishwa kwa miguu, na juu ya kila mguu wameweka jiwe bapa limechomoza pande zote ili panya akipanda agonge kichwa arudi. Nilikaa nikaangalia kimoja dakika kumi nzima. Mtu aliyekaa akamfikiria panya kiasi hicho namheshimu.

Monte do Gozo maana yake mlima wa furaha, kwa sababu hapo ndo wa zamani walikuwa wanaona minara ya kanisa kwa mara ya kwanza wakalia. Mimi nimefika juu, manyunyu yananinyeshea, natafuta minara. Miti. Maghorofa. Nikaona mnara mmoja hivi nikasisimka, nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu la familia, "NIMEUONA". Baba mmoja wa Kihispania aliyekuwa na mbwa akaja akanionyesha kwa kidole kwamba siye, nishuke kule kwenye uwanja wa nyasi. Mdhaniaye ndiye. Nikashuka, kuna masanamu mawili ya mahujaji wamenyoosha mikono, ukisimama chini yao ukafuata vidole vyao, ndo unaviona, vitu vitatu vyembamba vya kijivu ndani ya mvua ya kijivu. Sikulia. Nilisubiri nione kama nitalia, hakuna kitu. Nilichokuwa nawaza ni kwamba zimebaki kama kilomita tano na goti halijauma tangu asubuhi, sasa leo ndo umejua kupona?

Hizo tano za mwisho sio nzuri, tusidanganyane. Ngazi, daraja juu ya barabara kuu, mzunguko wa magari, duka la matairi, watu wanaenda kazini na maisha yao, hakuna anayekuangalia. Nilianza kutembea taratibu. Kwanza nilidhani ni uchovu, baadaye nikajikamata, nilikuwa nasimama kwenye kila taa hata ikiwa ya kijani. Nilinunua embe. Sikuwa na njaa, na lile embe lilikuwa halina ladha yoyote, embe la kutoka kwenye ndege, lakini lilinichukua robo saa nzima kulimaliza nimekaa kwenye benchi, na hiyo robo saa nilikuwa bado ni mtu anayetembea.

Mji wa zamani unaingilia Porta do Camiño, barabara zinakuwa za mawe, nyembamba, unapita pembeni ya kanisa upande wa kaskazini, halafu kuna ngazi zinashuka chini ya tao, na chini ya lile tao kuna mtu anapiga zumari lao, lile lenye mfuko wa upepo kwapani. Sauti inagonga dari la jiwe inakuingia mpaka kwenye meno. Unatoka gizani, kiwanja kinafunguka, ndo Obradoiro. Umefika.

Nikasimama katikati. Saa saba kasoro. Kiwanja kimejaa, makundi yanakumbatiana, vijana wamelala chali kichwa juu ya mabegi, kuna mmoja mke na watoto wamemfuata na bango, wanamrukia. Na mimi nimesimama na begi langu mgongoni sijui nifanye nini. Kwetu mtu akitoka safari hafiki mlangoni na mzigo. Tulipokuwa watoto basi likisimama tu stendi tunakimbia, shikamoo haijaisha mkono uko kwenye kikapu, "lete nikupokee", hata kama ni kifurushi cha chumvi, na anayefika lazima akuachie, akikatalia inakuwa kama ana neno na nyie. Ndo maana ya kufika ile. Sio mguu kukanyaga mahali, ni mtu kuja kukuchukulia mzigo akakwambia pole. Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo mpaka pale.

Nikampigia mama video. Nikageuza simu nikamwonyesha minara, ile mbele ya kanisa yote na mawe yake yanavyometa kwa mvua. Akaangalia sana.

"Ndo hilo?"

"Ndo hili mama."

"Kubwa. Haya, pole na safari mwanangu. Nani kakupokea?"

"Hakuna mtu, niko peke yangu."

"Hata begi?"

Nikamwambia hata begi. Akasema kitu kwa Kibondei ambacho sitakitafsiri, halafu akauliza kama nimekula.

Sasa kioja ni hiki, kanisani hawakuruhusu kuingia na begi la mgongoni. Umelileta kwa miguu kutoka Ufaransa, mlangoni unaambiwa hapana, kaliache. Kuna ofisi za kutunzia mizigo jirani, unalipa, unapewa namba. Kijana akanyoosha mikono miwili juu ya kaunta akalichukua. Kwahiyo nilipokelewa, tuseme, kwa risiti.

Ndani nilikaa kama saa nzima. Siwezi kusema nilihisi nini kidini maana sio dini yangu na sitaki kuigiza. Nilipenda chetezo. Wana chetezo, kama kile cha bibi cha kufukizia udi, ila hiki kina kilo 53, kimening'inia kwa kamba kutoka kwenye kuba, na kikifukizwa wanaume wanane wanavuta kamba kinapaa kutoka upande huu wa kanisa mpaka ule kinafuka ubani. Siku hiyo hakikufukizwa, sio kila siku. Kilikuwa kimetulia tu.

Halafu kuna sanamu ya Santiago juu ya farasi mweupe, upanga juu. Jina la huyo wanamwita Matamoros, muuaji wa Wamoro, na Wamoro ni sisi, Waislamu waliokuwa Hispania. Nilishasoma kuhusu hiyo sanamu kabla sijaja na nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Ila wameweka maua mengi meupe chini, mengi kweli, yamefunika wale anaowakanyaga, huwaoni, unaona farasi anaogelea kwenye maua. Nikajikuta nachungulia katikati ya majani nitafute hata uso mmoja. Mlinzi akanikohoa.

Na kuna habari ya kengele. Mwaka 997 al-Mansur, mtawala wa Waislamu wa Kordoba, aliuvamia huu mji, akauchoma, kaburi hakuligusa, akachukua kengele za kanisa akawabebesha mateka Wakristo mabegani mpaka Kordoba, zikaenda kufanywa taa msikitini. Mwaka 1236 mfalme Ferdinand wa 3 alipoiteka Kordoba akawabebesha mateka Waislamu kengele zilezile mabegani, wakazirudisha Santiago. Kwenda na kurudi, njia ileile ndefu, karne mbili na zaidi katikati. Wanahistoria wanaisimulia kama habari ya watawala wawili. Mimi niliyekuwa natoka kushusha kilo 7 nilikuwa nawaza mabega. Nilikuwa nawawaza walewale wa bibi, wa Pangani, ambao nao hakuna aliyewauliza kama pembe ni nzito.

Ofisi ya mahujaji iko bondeni kidogo chini ya kiwanja. Unajiandikisha kwenye simu, unachukua namba, unasubiri kama benki. Wanakuuliza sababu ya safari: ya dini, ya kiroho, au nyingine. Ukijibu mbili za kwanza unapewa Compostela, cheti cha Kilatini na jina lako wanalitafutia Kilatini. Ya tatu unapewa karatasi nyingine ya kukukaribisha, nzuri vilevile. Nilikaa na hicho kiswali muda mrefu kuliko nilivyokaa na fomu ya uraia. Nikaweka ya kiroho, maana nimeswali njia nzima, ningesema nini. Dada wa kaunta akalitazama jina langu, akatazama orodha yake, akatazama jina. Mwishowe akaliandika vilevile lilivyo. Nikafurahi kwamba halikubadilishika.

Usiku nililala chumba cha peke yangu na sikupata usingizi, nadhani nilimisi yule mzee wa kukoroma. Saa kumi na moja na nusu mwili ukaamka wenyewe, mikono ikaanza kufunga begi, mfuko wa kulalia chini, nguo katikati. Miguu haikuelewa kwamba leo ni basi.

Basi la kiwanja cha ndege linachukua kama nusu saa. Nusu saa! Karibu na mwisho, kupitia dirisha lenye mvuke, nikawaona, kama watu sita hivi kwenye makoti ya mvua ya rangi rangi, wanakuja upande wa pili, vichwa chini, kule nilikotoka jana. Wa mwisho alikuwa mama mfupi mwenye kofia ya bluu. Siwezi kuapa kuwa ni yule Mkorea. Nilipunga mkono lakini nani anaangalia basi.

Ndani ya ndege nilipewa kiti cha nyuma kabisa, njia imeziba, watu wanasukumana, nikawa nalinyanyua begi niliweke juu na lile goti, lile lililokuwa limepona, likagoma. Nyuma yangu baba mmoja mzee, Mjerumani, mwenye gamba la kombe kwenye koti kama langu, ile alama ya waliotembea Camino, akasema kitu ambacho kwa Kijerumani ni cha kawaida kabisa, kwamba ngoja. Akanyoosha mikono.

Nikamwachia.